Jina Halimo Baoni

Jirani yangu alikuja baada ya magharibi, kanga kajitanda hadi puani, mtoto kalala begani. Hata hakukaa.

"Dada, nitazamie. Mwanangu halali tangu Mfungo Sita. Homa inakuja, inakwenda. Zahanati nimekwenda mara mbili, malaria hamna. Kuna mtu. Nataka kumjua ni nani."

Nilimgusa mtoto shingoni, alikuwa wa moto. Nilikuwa na maneno mawili ya kumwambia. La kwanza nililisema: kesho asubuhi mpeleke hospitali kubwa, wampime na mkojo. La pili, kwamba bao la ramli halijibu "nani", nililimeza. Nikaingia ndani nikatoa sinia yangu ya mchanga.

Nikachoma nukta, nikafuta mbili mbili, umbo la kwanza likatoka: mbili, moja, mbili, mbili. Nikasema kwa sauti ya chini, kama ninavyosema nikiwa peke yangu, "Humra. Wekundu."

Akainua kichwa. "Mwekundu? Ni mtu mwekundu, dada?"

Macho yangu yalikuwa mchangani, akili yangu kwenye umbo linalofuata.

"Pale nyumbani mwekundu ni wifi yangu peke yake," akasema.

Nikanyamaza.

Aliondoka kabla bao halijaisha. Zimepita wiki tano, na kila nikiandika ubaoni darasani nausikia ule unyamavu wangu.

## Sinia ya mchanga

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa Tanga, nakaa Ngamiani. Sina kilinge, sina tunguri, sipokei hata mia ya mtu. Nina sinia moja ya bati na mchanga nilioutoa Raskazone maji yalipokupwa. Niliuosha mara tatu kuondoa chumvi, nikauanika, nikauchekecha kwa chekeche la unga. Sasa ukiugusa kwa ncha ya kidole unashika alama na hauiachii.

Ramli tunaijua sana kwa sifa zake, na waliowahi kukaa karibu wakaona inavyopigwa ni wachache. Unatia nia kwanza. Kisha unachoma nukta mstari kwa mstari, haraka, bila kuhesabu, mistari 16. Halafu unarudi kwenye kila mstari, unafuta mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili. Mistari minne inafanya umbo moja, kwa hiyo una maumbo manne: hao ni akina mama. Ukizisoma nukta zile zile kwa kukata, vichwa vyote vinne pamoja, kisha vifua, kisha matumbo, kisha miguu, unapata mabinti wanne. Kutoka hapo unajumlisha wawili wawili. Moja na moja inakuwa mbili. Mbili na mbili inabaki mbili. Moja na mbili inakuwa moja. Wanane wanazaa wanne, wanne wanazaa mashahidi wawili, na mashahidi wanazaa mmoja wa mwisho, wa 15, anayeitwa Mizani.

Kilichonivuta kwanza, nikiri, ni hesabu.

Mizani haiwezi kuwa witiri, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili. Kamwe. Mabinti wametengenezwa kwa nukta zile zile za mama zao, kwa hiyo kila nukta imehesabiwa mara mbili kabla ya kufika mwisho, na kinachohesabiwa mara mbili ni shufwa. Maumbo yapo 16, lakini yanayoweza kukaa kwenye Mizani ni 8 tu. Humra ina nukta 7. Piga bao tangu alfajiri hadi isha, mwaka mzima, Humra haitakaa pale. Mzee aliyenifundisha hakuwahi kukaa darasa la aljebra, alisoma chuoni kwa mwalimu wake basi, lakini hilo alilijua: "Mizani ikitoka witiri, futa. Umekosea kuhesabu."

Raml ni mchanga kwa Kiarabu, na mchanga huu umesafiri. Wamadagaska wanapiga kwa mbegu, wanaita sikidy. Wayoruba katika Ifa wana alama 16 wanazozioanisha mpaka zinafika 256. Hispania katika karne ya 12 ramli ilitafsiriwa Kilatini. Na mwaka 1888 pale London kilianzishwa chama cha Golden Dawn, cha watu waliotaka kuufanya uganga kuwa njia ya kuijenga na kuijua nafsi, nao wakawafundisha wanachama wao maumbo haya haya 16. Niliposoma habari hiyo nilikaa nikaitazama sinia yangu muda mrefu. Mtu wa London na mzee wangu wa kijijini Tongoni, nia zao mbali kabisa, vidole vyao vinachoma nukta zile zile.

## Swali la tatu

Baba alifariki Pangani mwaka 2018. Miezi minane baadaye shangazi alinichukua mpaka Tongoni, kwa mzee mwenye nyumba ya makuti, si mbali na yale makaburi ya kale na gofu la msikiti. Nilikwenda na swali, na jibu lake nilikuwa nalo mkobani.

Mwezi mmoja kabla ya msiba nililala kwa baba. Usiku nikaamka, nikamwona mama mdogo, mke wa baba, uani, ameinama chini ya mwarobaini, anamwaga maji kutoka kwenye bakuli huku akinong'ona. Aliponiona alishtuka.

Kwangu mimi kesi ilikwisha pale pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Nataka kujua nani kamuua baba yangu."

Akatabasamu kidogo, kwa upole. "Bao hili lina maumbo kumi na sita, yote nayajua kwa majina. Jina la mtu halimo. Uliza jingine."

"Basi nataka kujua baba aliuawa kwa kitu gani."

"Hilo ni lile lile, umelifunga kanga nyingine. Uliza linalokuhusu wewe."

Nilikasirika. Nilitaka kuinuka, shangazi akanikanyaga mguu. Nje upepo wa kusi ulikuwa unapiga minazi, kuku anaparua chini ya dirisha. Nikafungua mdomo nimjibu yule mzee vibaya, na kilichotoka kilikuwa kitu kingine.

"Kwa nini sikwenda?"

Shangazi akageuka. "Hukwenda wapi?"

Hakujua. Hakuna aliyejua. Baba alinipigia simu Alhamisi: "Mwanangu, njoo mara moja." Mezani nilikuwa na rundo la mitihani ya utamilifu ya kidato cha nne. Nikamwambia nakuja Jumamosi ya pili, baba, nikimaliza kusahihisha. Akasema haya. Alifariki Jumatano.

Ile simu niliificha miezi minane. Na katika miezi hiyo minane nilimsema mama mdogo kwa kila ndugu aliyekaa kunisikiliza.

## Mashahidi wawili

Mzee alinipa mchanga nipige mwenyewe. Nilipiga vibaya, mikono ilikuwa inatetemeka, akanisaidia kufuta. Tulipofika kwa mashahidi, wa kulia na wa kushoto walikuwa umbo moja, sawasawa, nukta kwa nukta. Umbo lolote ukilijumlisha na lenyewe linatoa Jamaa, umbo lenye nukta mbili mbili katika mistari yote minne. Hiyo ndiyo ikawa Mizani yangu.

Akaitazama muda. Kisha akasema, "Mashahidi wako wawili ni mtu mmoja. Umemleta huyo huyo mara mbili."

Sikumwelewa siku hiyo. Nilimwelewa ndani ya basi, tunakaribia mjini, nilipojikuta nahesabu ushahidi wangu dhidi ya mama mdogo. Shahidi wa kwanza, maji ya usiku, nimeyaona mimi. Shahidi wa pili, ule mshtuko wake, nimeufasiri mimi. Shangazi naye aliamini kwa sababu nilimwambia mimi. Ukoo mzima ulikuwa unashuhudia, na ndani ya vinywa vyote nilikuwa mimi.

Mzee alikuwa ameniuliza jambo moja wakati naaga: "Huyo mwanamke uliwahi kumuuliza?"

Ilinichukua miezi miwili. Nilipofika Pangani mama mdogo alinipikia kwanza, kama kawaida yake, tukala, tukaosha vyombo. Ndipo nikamuuliza habari ya maji.

Hakukasirika. Aliinuka akaenda kabatini, akarudi na sahani nyeupe ya udongo, ukingo wake umeshika rangi ya manjano isiyotoka tena. Zafarani. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuwa akimwandikisha baba kombe, aya za Kurani juu ya sahani, kwa mwalimu wa pale mtaani, anaiosha kwa maji, baba anakunywa. Yanayobaki, na yale ya kusuuzia sahani, alikuwa anayamwaga chini ya mwarobaini, usiku, huku anasoma.

"Maji yaliyoosha maneno ya Mungu ningeyamwaga chooni?" akaniuliza.

Na ule mshtuko? Baba alikuwa amemkataza kutuambia watoto kwamba hali yake imefikia huko. Nilipotokea uani alidhani siri ya mumewe imefichuka.

Niliishika ile sahani mapajani mpaka adhana ya alasiri. Sikuweza kumwambia samahani siku ile. Nimemwambia baadaye, mara nyingi, na yeye kila mara hubadilisha mazungumzo.

## Mistari mifupi

Nilirudi Tongoni kumwomba mzee anifundishe. Alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akasema nitaapa kutomtafutia mtu mchawi. Nikaapa. Nilikwenda Jumamosi kwa Jumamosi, karibu miaka miwili, mpaka alipochoka kukaa. Mungu amrehemu.

Tangu hapo ninapiga bao mara moja kwa wiki, kwa ajili yangu, na ninaandika kwenye daftari. Juu naandika nia. Chini naandika maumbo. Na kwa kuwa nimezoea namba, pembeni naandika idadi ya nukta za kila mstari kabla ya kufuta.

Hiyo safu ya pembeni ndiyo iliyonifundisha zaidi. Siku za kawaida mistari yangu ina nukta 12, 15, wakati mwingine 20. Nikiuliza ninachokiogopa, kidole kinakatisha: 6, 7, 5. Kuna ukurasa nimeandika nia, "Je, niombe uhamisho niende Dodoma?", na mistari yake yote ni mirefu, ya raha. Chini yake, siku hiyo hiyo, nimeandika, "Ninamkimbia nani hapa Tanga?" Mstari wa kwanza una nukta 4.

Mkono ulijua kabla yangu.

Nimejiuliza kama mchanga una kazi kweli, au daftari peke yake lingetosha. Mwezi mmoja niliacha sinia nikawa naandika maswali na majibu tu. Nilipoyasoma baadaye niliona aibu kwa yalivyokuwa mazuri. Kwenye karatasi najipendelea. Najieleza vizuri, najisamehe kwa aya safi. Mchanga hauniulizi napenda umbo gani. Unanitupia Humra siku niliyodhani nimetulia, nami nakereka, halafu nalazimika kujua kwa nini nimekereka. Pale kwenye kero ndipo kazi inapoanza. Nimekaa mbele ya sinia saa nzima nikibishana na nukta 7, na mwisho wa saa hiyo nikampigia simu mtu niliyekuwa namkwepa tangu Januari.

Mimi huu nauita uganga, kwa moyo wangu wote. Nimeingia kwenye sinia mgonjwa nikatoka na nafuu.

## Siku arobaini

Lakini baba yangu alikuwa mtu wa msikiti, na mimi nasali. Ninaijua hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba anayemwendea mtazamiaji akamuuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku arobaini. Ninaijua na ile nyingine, wanayoishikilia sana wapiga bao, kwamba Mtume aliulizwa juu ya watu wachorao mistari, akasema alikuwepo Nabii aliyekuwa akichora, na atakayeafikiana na mstari wake basi ni hivyo. Wapiga bao wa zamani husema huyo ni Nabii Idrisa. Na ninajua Imamu Nawawi, mfafanuzi wa Sahih Muslim, alivyolifunga jambo hilo: nani leo anayo njia ya kujua kwamba mstari wake umeafikiana na wa Nabii? Hakuna, basi isiguswe.

Nimelala na hoja hiyo usiku mwingi.

Nilichofanya ni kujiwekea mpaka. Siulizi ya ghaibu, siulizi ya kesho, siulizi ya mtu. Nauliza ya kwangu yaliyokwisha kuwemo ndani yangu. Kuna siku mpaka huo naona unasimama imara. Kuna siku namsikia baba akisema kwamba aliyechora mpaka ni mimi, na shahidi wangu tena ni mimi.

Kisha akaja jirani na mtoto wa moto begani, na mpaka wangu haukuzuia kitu.

## Neno moja

Tumeshalisikia sana neno "ramli chonganishi". Mwaka 2015 serikali ilipotangaza marufuku kwa wapiga ramli, ilikuwa baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Kabla ya hapo, na baada ya hapo, tumesikia ya vikongwe wa Kanda ya Ziwa, mabibi waliokatwa mapanga kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa jikoni maisha yao yote. Nilikuwa nasoma habari hizo kama za watu wengine. Yule ni mganga tapeli, nikasema, anauza jina kwa elfu thelathini. Mimi siuzi.

Sasa najua jina halihitaji kuuzwa. Jirani yangu alikuja nalo. Lilikuwa tayari ndani yake, kama langu lilivyokuwa mkobani siku ile Tongoni, na alichohitaji ni mtu wa kukaa mbele ya mchanga asikatae. Mzee alikataa mara mbili, na mimi nikiwa nimekunja uso, na shangazi kalipa nauli kutoka mjini. Alikubali nimchukie. Mimi nilimhurumia yule mama, nikaona haya kumkatiza, na kwa huruma yangu hiyo nikamwachia wifi yake.

Neno lenyewe nalitafakari sana. Humra. Mwalimu wangu hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Alikuwa akisoma bao kimya mpaka mwisho, ndipo aseme. Nilidhani ni mbwembwe za wazee.

Mtoto alipimwa. Walikuta maambukizi kwenye mkojo, akapewa dawa siku saba, akapona. Niliposikia nilishukuru, nikadhani limekwisha. Halafu nikasikia jambo la pili: mama yake amehamisha jiko. Anapikia upande wa nyuma, maji yake anayafungia chumbani, na mtoto akiitwa na shangazi yake anavutwa mkono. Amepona, si umeona, anawaambia watu, amepona tangu nilipomtenga yule.

## Mbuzi na nazi

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake. Nilimkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi, mtoto anachezea kifuu. Ng'ambo ya ua, mlango wa wifi yake ulikuwa umerudishiwa.

Nikamsalimu, nikamwambia niliyokuja nayo. Kwamba Humra ni jina la umbo, kama vile mstatili ni jina la umbo. Kwamba ndani ya bao hakuna mtu. Kwamba mimi mwenyewe nilimbebesha mwanamke mwingine mzigo huu huu miezi minane, na alikuwa hana kosa, na nikamweleza habari ya sahani ya zafarani, yote, hata ile simu ya Alhamisi.

Aliendelea kukuna. Mwendo wake haukubadilika, kifuu kinazunguka, nazi inashuka kwenye sinia, sinia ya bati kama yangu.

"Dada," akasema mwishowe, bila kuinua macho. "Nilikuuliza. Nikakuuliza ni mwekundu? Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Ungesema hapana ningekusikia."

Mtoto alikuja akanipa kile kifuu chake, nikakipokea. Yeye akabandua nazi ya pili, akaigonga kwa panga ikapasuka, maji akayakinga kwenye kikombe. Akamwita mtoto anywe. Mtoto alikunywa kidogo, kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili, polepole kisimwagike, akaanza kuvuka nacho ua kuelekea ule mlango uliorudishiwa.

Mama yake akaacha kukuna.

Tulimtazama wote wawili. Hakumwita arudi.